Mlio usio wa kawaida kwenye injini: kabla ya kuuliza ni mlio gani, angalia unalia wakati gani

Wakuu, salaam.

Mtu akimwambia fundi kwamba injini ya gari lake inagonga, bado hajampa taarifa ya kutosha kufanyia kazi. Kugonga huko kunaweza kuwa kwa beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, shafti kuu ya injini) iliyokwisha, na hapo injini iko karibu kufa. Kunaweza pia kuwa kwa bati la kukinga joto la ekzosti lililolegea bolti moja, ambalo hukazwa kwa dakika chache. Masikio peke yake hayatenganishi mambo hayo mawili kwa urahisi, kwa sababu sauti husafiri ndani ya chuma kwa kasi inayozidi mita 5,000 kwa sekunde, ilhali hewani husafiri mita 340 hivi, kwa hiyo huwa imeshaenea injini nzima kabla haijatoka nje. Kinachogonga chini husikika juu, na cha mbele husikika nyuma.

Kinachotenganisha ni mazingira ya mlio. Je, unatokea injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Gari likiwa limesimama au linapopanda mlima? Unapokanyaga mafuta au unapoachia? Mwenye gari ndiye anayelala na kuamka nalo, na ndiye anayeweza kuyajua hayo kuliko fundi anayeliona kwa nusu saa likiwa limeshapata moto njiani. Maelezo yanayofuata nimeyapanga kwa msingi huo.

Jambo la kwanza, kabla ya kubishana kuhusu chanzo, ni oili. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kisha chomoa kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe hadi mwisho, uchomoe tena na usome. Oili ikiwa chini sana ya alama ya chini, pampu inaweza kuvuta hewa pamoja na oili, hasa gari linapokata kona au kufunga breki, na kila kitu kinachotegemea presha ya oili huanza kulia: tapeti (visukumio vya valvu), tensheni (kikaza) ya cheni, hata beringi. Kuongeza oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari kunaweza kumaliza mlio siku hiyo hiyo, ingawa swali la oili imeenda wapi linabaki palepale na lazima lijibiwe. Lakini taa nyekundu ya oili ikiwaka huku injini inagonga, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama ni mita mia tano kutoka nyumbani. Katika magari mengi taa hiyo haipimi kiasi cha oili. Inasema kwamba presha imeshuka, na injini isiyo na presha ya oili huharibika kwa muda mfupi sana. Gari livutwe.

Pili, hakikisha kwamba mlio ni wa injini kweli. Gari likiwa limesimama, gia iko huru na breki ya mkono imevutwa, pandisha mizunguko taratibu. Mlio ukitokea na ukaharakisha kadiri mizunguko inavyopanda, ni wa injini au wa kitu kinachoendeshwa nayo. Mlio unaosikika barabarani tu, na unaobaki vilevile unapobadilisha gia huku mwendo wa gari haujabadilika, utafutwe kwenye magurudumu: beringi za magurudumu huvuma, na jointi ya ekseli iliyokwisha hulia ka-ka-ka unapokata kona. Kwenye gari la gia za mkono, mlio unaoanza unapokanyaga klachi na kuisha unapoiachia mara nyingi ni wa beringi ya klachi, na injini haihusiki.

Sasa tuingie ndani. Katika injini ya mipigo minne, kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kwa mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400 tu kwa dakika, yaani chini kidogo ya mara saba kwa sekunde. Ndiyo maana mlio wa tapeti moja huwa mwepesi na wa taratibu kuliko mtu anavyotarajia, wakati mlio unaofuata krankishafti huenda kwa kasi mara mbili ya huo. Mafundi wazoefu hulisikia hili bila kuhesabu. Kwa injini za zamani zenye distributa, taa ya taimingi hurahisisha kazi, kwa sababu humulika mara moja kila mizunguko miwili ya krankishafti: mlio unaokwenda sambamba na mmweko ni wa juu, upande wa valvu, na unaopiga mara mbili kwa kila mmweko ni wa chini.

Kutafuta mahali penyewe, tumia stethoskopu ya fundi au bisibisi ndefu, ncha iguse chuma na mpini uegemee kwenye mfupa ulio mbele kidogo ya sikio. Hamisha ncha polepole kutoka kifuniko cha valvu hadi ubavuni mwa injini, kisha kwenye sampu, na ulinganishe. Tofauti ya nguvu kati ya nukta mbili zilizo karibu ndiyo yenye habari, kwani kila mahali utasikia kitu. Nywele ndefu, mikufu na mikono ya shati viwekwe mbali na mikanda, na feni ya umeme usiiamini hata ikiwa imesimama, maana inaweza kuwaka yenyewe wakati wowote.

Milio ya asubuhi inastahili nafasi kubwa, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu zaidi, na mingi haina hatari ya haraka. Pistoni za magari mengi hutengenezwa kwa aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Ikiwa baridi, pistoni huwa imelegea kidogo ndani ya silinda, huyumba, na ubavu wake hupiga ukuta: mlio butu, du-du-du, unaofifia dakika chache baadaye pistoni inapotanuka na kujaza nafasi yake. Ukipotea kabisa injini ikipata moto, na oili hailiwi, gari linaweza kutembea hivyo kwa muda mrefu. Tapeti za oili nazo hulia sekunde chache baada ya kuwasha, kwa kuwa oili iliyokuwa ndani yake imeshuka usiku. Zikiendelea kulia hata injini ikiwa moto, angalia kwanza kama oili ni nzito au nyepesi kuliko inavyotakiwa, au imekaa muda mrefu mno bila kubadilishwa.

Mlio mmoja wa asubuhi usiupuuze: mkwaruzo wa kwaru-kwaru upande wa mbele wa injini, au upande wowote ilipo cheni ya taimingi (inayounganisha krankishafti na kamshafti), unaodumu sekunde moja au mbili kila unapowasha. Tensheni ya cheni hiyo mara nyingi husukumwa na presha ya oili, na kabla presha haijafika, cheni iliyorefuka hupiga reli zake. Siku za mwanzo ni sekunde moja. Ikianza kuongezeka, cheni inaelekea kuruka meno, na katika injini ambazo valvu na pistoni hutumia nafasi moja kwa zamu, kuruka meno kunamaanisha valvu zilizopinda. Mkanda wa taimingi, tofauti na cheni, mara nyingi hukatika bila kutoa onyo lolote la sauti, kwa hiyo huo hubadilishwa kwa kufuata kilomita na miaka iliyoandikwa na mtengenezaji. Kusubiri ulie ni kusubiri hasara.

Upo pia mlio unaofanana mno na tapeti kiasi kwamba watu hufungua kifuniko cha valvu bure. Gasketi ya manifoldi ya ekzosti ikivuja, au manifoldi yenyewe ikipata ufa, gesi hutoka kwa mapigo mafupi, ti-ti-ti, zaidi injini ikiwa baridi na unapokanyaga mafuta. Chuma kikipata moto hutanuka na ufa hujifunga. Tazama kwa tochi kuzunguka maungio: penye uvujaji huwa na masizi meusi yaliyopigwa kama kwa brashi kuelekea upande mmoja. Huu hauui injini haraka, lakini gesi hiyo ina kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ikiingia ndani ya gari inaua mtu. Urekebishwe mapema.

Beringi ya konrodi hufanya kinyume cha hayo yote. Asubuhi oili ni nzito na huziba nafasi iliyoongezeka kati ya beringi na krankishafti, hivyo injini inaweza kuwaka kimya. Inapopata moto oili huwa nyepesi, na mlio mzito wa ngo-ngo-ngo hujitokeza na kuzidi. Nafasi hiyo katika injini isiyo na ubovu ya gari dogo ni sehemu ndogo tu ya milimita moja, mara nyingi kati ya 0.02 na 0.06, na utando wa oili ndio unaozuia chuma kugusana na chuma. Ili kuusikia mlio wake vizuri, shikilia mizunguko kama 2,500 gari likiwa limesimama, kisha achia mafuta ghafla: wakati ule mzigo unapogeuka, konrodi iliyolegea hugonga mfululizo kabla injini haijatulia. Fanya hivyo mara moja tu, maana kila jaribio linakula kilichobaki.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye filta ya oili. Ifungue kwa kikata filta, usitumie msumeno unaomwaga vumbi lake la chuma ndani, kisha kunjua karatasi yake juani na uitazame kwa karibu mikunjo yake, mmoja baada ya mwingine. Beringi inayokwisha huacha chembe bapa, za rangi ya fedha au ya shaba, zinazometa oili inapotiririka. Pitisha sumaku. Chembe za beringi hazivutwi, kwa sababu hutengenezwa kwa aluminiamu, shaba, bati na metali nyingine zisizo na usumaku. Zinazovutwa zimetoka kwenye chuma, kwa mfano kamshafti, cheni au krankishafti yenyewe. Ukiona za aina zote mbili kwa wingi, beringi imeshakwisha na huenda krankishafti imeanza kuliwa.

Mlio mwingine unaochanganywa na huo hutokea kwa magari ya gia za otomatiki: bamba linalounganisha injini na konveta (kifaa kinachofanya kazi ya klachi) likipata ufa, au bolti zake zikilegea, hugonga kwenye sailensi na mara nyingi hubadilika ukiingiza gia. Kabla hujashusha injini kwa ajili ya beringi, fungua kifuniko kidogo cha chini na uzikague bolti hizo. Injini zisizo na ubovu zimefunguliwa kwa sababu ya ufa wa bamba hilo.

Injini kunoki ni jambo tofauti kabisa, japokuwa watu huliita pia kugonga. Husikika ukipanda mlima kwa gia kubwa na mizunguko midogo, kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, na huisha ukipunguza mafuta au ukishusha gia. Hapo hakuna chuma kilicholegea. Mchanganyiko wa petroli na hewa ambao mwali wa plagi haujaufikia hujilipukia wenyewe kwa joto na mgandamizo, na mawimbi ya mlipuko hupiga kuta za silinda kwa masafa ya takriban kilohetzi 6 au 7 katika silinda za ukubwa wa kawaida. Sensa ya kunoki, iliyofungwa kwenye bloku, husikiliza masafa hayo, na kompyuta huchelewesha cheche hadi mlio uishe. Sababu za kawaida ni petroli ya oktani (uwezo wa kutojilipukia) ndogo kuliko inayohitajika, joto la injini kupanda, kaboni iliyojijenga juu ya pistoni, au taimingi iliyowahi mno. Injini ikinoki kwa muda mrefu chini ya mzigo, pistoni hutoboka na ringi huvunjika.

Tatizo hili lina historia nzito. Mwaka 1921, katika maabara ya General Motors nchini Marekani, Thomas Midgley, chini ya Charles Kettering, aligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi, iitwayo tetraethili ya risasi, huzuia kunoki. Dunia ikatumia petroli yenye risasi, yenye sumu kwa ubongo wa watoto, hadi 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipotangaza kwamba Aljeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa ajili ya magari, imeacha. Karne nzima ya sumu hewani kwa ajili ya kunyamazisha mlio mmoja wa injini! Leo oktani hupandishwa kwa njia nyingine, na mwenye gari anachotakiwa ni kuweka oktani iliyoandikwa kwenye mfuniko wa tangi au kitabuni.

Mikanda nitaipitia haraka. Mlio wa kwiii unapowasha, unapokata usukani hadi mwisho au unapowasha kiyoyozi ni wa mkanda unaoteleza. Nyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji: kelele ikipungua kisha ikarudi, puli hazijanyooka, ikizidi, mkanda umelegea au tensheni imechoka. Kwa mvumo wa beringi ya puli, toa mkanda injini ikiwa imezimwa na uzungushe kila puli kwa mkono. Inayokwaruza ndiyo mbovu. Mluzi kwenye sailensi, pamoja na mizunguko inayopanda na kushuka yenyewe, humaanisha hewa inaingia pasipotakiwa, na mpira wa vakyumu uliopasuka ndio wa kushukiwa kwanza.

Na kuna milio ambayo haihitaji fundi. Dizeli hukatakata kwa asili yake, kwa kuwa mafuta huwaka yenyewe kwa mgandamizo na sehemu ya kwanza huwaka kwa ghafla. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hulia ti-ti-ti kwa sababu ya pampu ya presha kubwa na nozeli (vipuliza mafuta) zake. Ekzosti hutoa tak… tak… baada ya kuzima, kwa sababu chuma kinapoa na kusinyaa.

Mchangiaji: Mkuu, ahsante kwa maelezo. Gari langu la petroli lina silinda nne na linagonga likiwa moto. Je, kuna namna ya kujua ni silinda ipi bila kufungua injini?

Mwanzisha uzi: Ipo, mkuu. Injini ikiwa imezimwa, chomoa kiunganishi cha nyaya za koili (inayotoa umeme wa cheche) ya silinda moja pamoja na kile cha nozeli yake, ili petroli isiyowaka isiende kuharibu katalisti (kichujio cha moshi kwenye ekzosti), kisha washa na usikilize kwa muda mfupi. Zima, rudisha, nenda kwenye silinda inayofuata. Injini itamisi, hilo ni la kawaida. Mlio ukipungua sana silinda fulani ikinyimwa moto, shida iko kwenye konrodi au pistoni ya silinda hiyo, kwa sababu hakuna tena mlipuko unaoisukuma. Usipobadilika kwa silinda yoyote, rudi kwenye valvu, kwenye bamba la konveta na kwenye vifaa vinavyoendeshwa na mkanda. Wenye dizeli za kisasa wasijaribu kulegeza bomba la nozeli kama ilivyofanywa kwa dizeli za zamani; presha ya humo inaweza kuzidi baa 1,000, na dizeli inayotoka kwa presha hiyo hupenya ngozi.

Mchangiaji mwingine: Samahani mkuu, mimi niliwekewa oili nzito kuliko ya kitabuni na mlio wa kugonga ukapungua karibu wote. Naweza kuendelea kulitumia?

Mwanzisha uzi: Pole sana, mkuu. Oili nzito imejaza nafasi iliyoongezeka, lakini beringi haijarudi ilivyokuwa, na mlio uliokuwa unakuonya sasa umezibwa. Usilipeleke safari kabla hujapima. Mwombe fundi aondoe swichi ya presha ya oili na afunge geji ya mkono mahali pake, kisha injini ipate moto kabisa, apime kwenye sailensi na tena kwenye mizunguko 2,000 au 3,000, na alinganishe na kitabu cha injini hiyo. Kipimo cha jumla kinachotumiwa na wengi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, lakini kitabu ndicho cha kufuata, kwani injini nyingi mpya zina pampu zinazobadilisha presha zenyewe. Siku hiyo hiyo kata filta uitazame kama nilivyoeleza. Presha ikiwa nzuri na karatasi ya filta ni safi, rudisha oili ya kitabuni, usikilize upya injini ikiwa moto, kisha utafute chanzo upande wa juu. Presha ikiwa ndogo na chembe zinameta, shusha sampu sasa: beringi zikibadilishwa kabla krankishafti haijachimbika, huenda ikatosha kuisafisha na kuipima, lakini ikishachimbika itapelekwa kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi nyingine, na wakati mwingine konrodi nayo haifai tena.